Jaa Lililopewa Boma

Saa kumi na moja kasorobo, alfajiri ya Jumatatu, Beldina alitoa fagio lake nyuma ya kibanda cha Zamzam, akaligonga chini mara mbili mende watoke, akaanza kazi upande wa wauza miwa kama alivyofanya kwa miaka kumi na mmoja. Kipande chake kilianzia steji kuu ya matatu ya Kisumu kikaishia kwenye lango la soko la Jubilee. Kwa mfagiaji, Jumatatu ndiyo siku mbaya kuliko zote, maana mji mzima hula Jumapili, na hakuna anayerudi nyumbani na mifupa mfukoni.

Siku hiyo hakukuwa na kitu. Makapi ya miwa hayakuwepo. Chupa za soda hazikuwepo, wala karatasi za chipsi, wala kadi za simu zilizokwanguliwa. Kulikuwa na vumbi, majani ya miti, na kigunzi kimoja cha mahindi kilichochelewa, ambacho kilikuwa kinajiviringisha ukingoni mwa lami kuelekea Kondele. Kilipofika njia panda kilisimama, kikapisha bodaboda mbili, kikavuka. Beldina alikisindikiza kwa macho mpaka kikapotea. Kisha akafagia majani, kwa sababu majani ni ya mti, na mti ulikuwa palepale.

Jua lilipotoka Zamzam alifika na karai lake la maandazi. Zamzam alikuwa mwanamke wa Kaloleni, ambaye babu yake alikuja na reli kutoka pwani akaoa huku asirudi tena, na Kiluo chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wenyewe.

"Nyaminwa, dada yangu, mikebe yangu ya mafuta imerudi nyumbani," alisema huku akipanga makaa. "Hata zile nilitupa kwa mtaro mwaka jana. Nimezikuta mlangoni, zimejipanga."

"Umezifanyia nini?"

"Nimezitoboa chini. Nitapanda dania."

Beldina alisema dania ni wazo zuri. Wakanywa chai.

Hivyo ndivyo taka za Kisumu zilivyoanza kurudi makwao. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, na chupa iliyotupwa mtaroni nayo ina mahali inapopajua. Abiria aliyerusha ganda la ndizi dirishani pale Mamboleo alilikuta mlangoni kwake limetangulia. Mhubiri mmoja aliamka akakuta matangazo yake yote ya mkutano wa injili yamelala kibarazani, yamelowa umande. Mzee mwingine, aliyemwambia mkewe kwamba alichelewa kwenye kamati ya mazishi, aliletewa sahani ya karatasi yenye mifupa ya mbuta kutoka vibanda vya ufuoni, mabaki ya mlo wa watu wawili, pamoja na kitambaa chenye rangi ya mdomo. Mkewe alivipokea, akavipasha moto, akampakulia.

Watu walizoea upesi. Kufikia wiki ya pili, mtu aliyekuwa na kitu cha kutupa alikikunja akakitia mfukoni, kwa sababu kusumbuliwa mlangoni alfajiri na kikombe cha maziwa lala si jambo la kupendeza.

Kanjo, yaani serikali ya mji, nayo haikulala. Tukiwa wakweli, kanjo ilikuwa imejaribu mengi kabla ya hapo. Ilikuwa imeweka mabango. Ilikuwa imeleta mapipa ya bluu, mazuri, yenye mifuniko, ambayo wiki ya kwanza tu yaliingia majumbani kuhifadhi maji, na kusema kweli yalihifadhi maji vizuri. Askari wake waliwahi kumkamata kijana wa kung'arisha viatu aliyeshika ganda la chungwa, kwa kosa la kukusudia kulitupa. Tena kulikuwa na Jumamosi ya Usafi, siku ambayo wakubwa walivaa glavu nyeupe na fulana mpya, na wafagiaji waliagizwa kurudisha taka kidogo barabarani ili wakubwa wapate cha kufagia mbele ya kamera. Beldina ndiye aliyekuwa anachagua hizo taka. Alichagua zile kavu, zisimchafue mtu.

Mambo hayo yote yalikuwa chini ya Idara ya Mitaa Safi, na mkuu wa idara alikuwa Bwana Walter Obonyo, mtu mnene wa sauti tulivu, mzaliwa wa Usenge, ambaye hakuwahi kumwambia mtu hapana. Taka zilipoanza kurudi makwao, Bwana Obonyo alikwenda redioni akaeleza kwamba hayo yalikuwa matunda ya mpango wa miaka mitano. Alipoulizwa mpango wenyewe ulikuwa unasemaje, alisema unashughulikiwa.

Beldina alimsikiliza kwenye redio ya Zamzam. Hakuwa na neno na mpango. Alikuwa akiwaza jaa.

Nyumbani kwake kulikuwa Kogwadho, ng'ambo ya Nyalenda, mahali ambapo mji ulikuja ukakuta watu na makaburi yao. Aliolewa huko kutoka Asembo Bay, ndiyo maana majirani walimwita Nyar Asembo, binti wa Asembo. Mumewe, Ongeti, alikuwa fundi wa baiskeli. Walipoanzisha boma lao, dala kwa Kiluo, walitoka kwa baba mkwe kabla jua halijachomoza, kama Waluo wafanyavyo: baba mkwe mbele akiwaonyesha mahali, Ongeti na jogoo kwapani, kifungua mimba wao na shoka, na Beldina nyuma akibeba moto kwenye kigae cha chungu. Nyumba ilikuwa imesimama kabla ya giza kuingia. Wakalala humo, na tangu usiku huo hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kusema kwamba hawana kwao. Ongeti alipofariki, alizikwa humohumo, upande wa kulia wa nyumba.

Mwaka uliofuata malori ya kanjo yalianza kumwaga taka kwenye kiwanja cha jirani. Bango lilisema ni kwa muda, miezi mitatu. Bango lenyewe sasa lilikuwa chini ya taka. Jaa lilikula kiwanja, likala njia ya kisimani, likala ua wa minyaa alioupanda Ongeti kwa mkono wake, na mwaka wa tano likafika kaburini, likalilalia kuanzia miguuni hadi kifuani. Jina tu ndilo lililobaki nje. Wanaosema mavi ya kale hayanuki hawajawahi kulala Kogwadho.

Harufu Beldina alikuwa ameizoea. Nzi aliwazoea, na hata makorongo waliosimama juu ya jaa kila asubuhi, kimya, kama wanakamati wanaongoja chai, aliwazoea. Jambo moja moyo wake ulilikataa. Ongeti alikuwa mtu msafi, mtu wa kunawa grisi kwa majivu kabla ya kushika mtoto, na sasa alikuwa amefunikwa uchafu wa watu asiowajua. Kibaya zaidi, mkono uliouokota uchafu huo ulikuwa wa mkewe. Alichokifagia Beldina steji asubuhi, lori lilikibeba saa nne, na jioni akifika nyumbani alikikuta kimemtangulia. Aliona aibu kwa hilo, aibu ya kweli, na alikuwa hajamwambia mtu.

Alikuwa amekwenda ofisini mara nne na kuandika barua tatu. Alijibiwa moja. Ilisema, "Barua yako imepokelewa na inashughulikiwa," na chini yake kulikuwa na sahihi ya Bwana Obonyo, kubwa, yenye mkia.

Kwa hiyo taka zilipoanza kurudi makwao, Beldina alirudi Kogwadho kila jioni akitazama kama jaa limefunga safari. Vitu vya juujuu viliondoka, vile ambavyo watu wa mtaa walikuja kutupa wenyewe kwa uvivu. Jaa lenyewe halikutikisika. Wiki ya tatu alimfuata Wechuli, dereva wa lori la kanjo, akamkuta anapima upepo wa magurudumu.

"Wechuli, ile takataka ya kwangu ni ya nani?"

Wechuli aliweka kipimo chini. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa Busia, mpole, na kila alipomwaga taka pale alipunguza mlio wa injini kwa heshima ya kaburi.

"Ikishaingia kwa lori, si ya wenyewe tena, mama," alisema. "Mimi pia nilidhani itakuja kwangu. Nimeangalia kila asubuhi, haijakuja. Mimi nilikuwa mkono tu. Hiyo ni ya mwenye aliweka sahihi imwagwe pale."

"Na mbona haiendi kwake?"

"Labda haijui kwake. Inajua ofisi, na ofisi si kwa mtu."

Beldina aliona kwamba hayo ni maneno ya mtu mwenye akili. Jioni hiyo alivua ovaroli, akaoga, akachukua ile barua iliyojibiwa, akavuta kigoda hadi mbele ya jaa. Mle ndani mlikuwa na magazeti, vitabu vya shule, risiti, ratiba za mazishi na mafaili mazima ya ofisi, kwa hiyo suala la kusoma halikuwa tatizo. Akaikunjua barua akaliinulia jaa, akaacha muda wa kutosha. Kisha akaeleza njia. Aliijua nyumba hiyo kwa sababu mwaka uliopita wafagiaji sita walipelekwa huko, saa za kazi, kufagia kwa ajili ya sherehe ya binti wa Obonyo.

"Utatoka hapa na njia ya Nyalenda mpaka lami," alisema. "Ukifika raundiabauti usiingie mjini, utasumbua watu wa soko. Zunguka na upande wa ziwa, kisha panda Milimani. Nyumba ya tatu baada ya kanisa, geti ya kijani. Kuna mbwa, lakini hana maneno."

Beldina alirudisha kigoda ndani, akapika ugali na omena, akalala.

Liliondoka Alhamisi kabla ya adhana ya alfajiri. Lilikwenda polepole, likishika mkono wa kushoto wa barabara, na lilichukua saa tatu kupita. Polisi wa trafiki pale raundiabauti alilisimamisha, akapitisha magari ya wafanyakazi wa hospitali, kisha akaliruhusu. Makorongo walilifuata kwa miguu. Lilipofika Milimani lilipita langoni likaketi juu ya ukoka wa Bwana Obonyo, juu ya waridi za mkewe Bridget na juu ya gari dogo, lakini liliacha njia ya kutosha mtu mmoja kupita hadi mlangoni, kama mgeni mwenye adabu zake. Mbwa alilinusa akaenda kulala.

Kogwadho, Beldina aliomba ruhusa ya siku moja. Alichota maji, akaliosha kaburi. Saruji ilikuwa imepata ufa mmoja tu, na upande wa miguuni alikuta lile umbo la baiskeli ambalo kijana wao alilichora kwa msumari saruji ikiwa mbichi, ambalo alikuwa ameshaanza kulisahau. Alikaa chini akalitazama. Alifurahi hata akacheka peke yake, akacheka mpaka jirani akatokeza kichwa. Kisha akalifagia kaburi lote, kichwani hadi miguuni, kama inavyopasa, na mahali pa jaa akapanda sukuma wiki. Udongo pale ulikuwa mzuri mno. Siku ya tatu ilikuwa na majani mawili mawili.

Milimani kazi ilifanyika kwa kasi ambayo Kogwadho hawajawahi kuiona. Majirani walilalamika asubuhi, kamati ikaundwa adhuhuri, ikakaa, ikatoa ripoti kabla ya saa kumi. Daktari wa afya ya umma alikuja na dawa ya nzi. Bwana Obonyo alikodi malori manane yakalihamisha jaa hadi kwenye machimbo ya mawe, na asubuhi likawa limerudi, limeketi palepale, limeacha njia ileile. Akalihamisha tena, mbali zaidi, likarudi. Mara ya tatu lilirudi kabla ya malori yenyewe. Bridget akafunga sanduku akaenda kwa mama yake Port Victoria, akasema atarudi waridi zikionekana.

Bwana Obonyo hakuwa mjinga. Siku ya saba alikaa kwenye ngazi za nyumba yake na kikombe cha chai, akalitazama jaa kwa muda mrefu, na mwenendo wake ukamkumbusha kitu. Lilikuwa linakaa kama mwana mkubwa asiye na boma, yule aliyekwisha kuota ndevu na bado analala kwenye kibanda kando ya lango la baba yake. Mwana kama huyo hafukuzwi, na ukimfukuza atarudi, kwa sababu hana kwingine. Mwana kama huyo hupewa jogoo, shoka na moto, akaonyeshwa mahali pa kujenga. Akishalala huko usiku mmoja, ndiko kwake mpaka kufa. Kila mtoto wa Usenge anajua hivyo.

Akamaliza chai, akampigia simu mpima ardhi.

Siku iliyofuata alimwita Beldina ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika zile mara nne.

"Nyar Asembo," alisema kwa ile sauti yake tulivu, "wewe ni mama wa boma, unajua mambo ya dala. Kesho kutwa tunapea hii kitu dala yake. Itaenda kule ililelewa, Kogwadho. Tunahitaji mama wa kubeba moto. Ofisi imeona ni wewe."

Beldina aliuelewa mpango wote kabla Bwana Obonyo hajamaliza sentensi. Aliketi wima, na alipojibu hakuinua sauti.

"Moto nilibeba mara moja, Bwana Obonyo, na nilibeba wa kwangu. Huo mwingine unabebwa na mama ya mtoto."

"Mama ya mtoto ako Port Victoria."

"Basi ngoja arudi."

Bridget alipigiwa simu. Alisema si yeye aliyemzaa, akakata.

Jumamosi kulikuwa na hema, viti, na fulana zilizoandikwa "Taka Ina Kwao". Moto ulibebwa na karani wa idara, kwenye kikaango, kwa sababu kigae cha chungu hakikupatikana. Shoka alipewa Wechuli. Bwana Obonyo alishika jogoo mwenyewe, jogoo mwekundu wa Kibuye, akasimama mbele ya jaa kwenye ukoka wake na kuliambia twende. Jaa halikusogea. Akasema tena. Halikusogea. Karani akamnong'oneza kwamba kidesturi anayeongoza ni baba, na baba humwita mwanawe.

Bwana Obonyo alitazama majirani waliosimama kwenye madirisha yao. Akasema kitu chini ya pumzi.

"Halijasikia, mkubwa," alisema Wechuli.

"Wuoda," alisema Bwana Obonyo kwa sauti ya kusikika. Mwanangu. "Wuoda, wadhi dala." Twende nyumbani.

Jaa likainuka likamfuata.

Walifika Kogwadho jua likiwa limepanda. Beldina alikuwa amesimama juu ya kaburi, miguu kwenye ile baiskeli ya msumari, fagio mkononi. Alikuwa amevaa ovaroli ya kazi, na nyuma yake sukuma wiki ilikuwa imefika kifundo cha mguu. Jaa lilipomwona lilisita. Wote waliokuwepo waliliona likisita.

"Hapa kuna dala tayari," alisema Beldina. "Dala mbili hazikai kwa kaburi moja."

Bwana Obonyo alimpa karani jogoo, akafungua ramani. "Mama, hatujagusa kaburi. Mpaka unapita hapa." Akaonyesha kwa kidole mstari uliopita katikati ya jiwe, kifuani. "Hii ndiyo ramani."

"Ilichorwa na nani?"

"Na ofisi."

"Kaburi lilikuwa hapa kabla ofisi haijanunua penseli."

Watu wakacheka, na Bwana Obonyo akacheka pamoja nao, kwa sababu hakuwa mtu wa kununa. Akasema anaelewa uchungu wake. Akasema barua yake inashughulikiwa. Askari wawili wa kanjo, wote vijana wa Kogwadho waliokuwa wakimwita mama tangu utotoni, wakamshika mikono kwa upole wakamshusha kutoka kaburini, na kila mmoja akamwomba msamaha kwa jina lake. Beldina alilia. Alilia kwa hasira, akiwa wima, bila kufuta machozi, na hakuna aliyeweza kumtazama.

Wechuli alikata nguzo ya kwanza ikasimikwa. Moto wa kikaango ukawekwa chini. Jogoo akawika, ingawa ilikuwa saa tano mchana. Jaa likazunguka mara moja, likashuka, likalalia sukuma wiki, likalalia baiskeli, likalalia kaburi kuanzia miguuni hadi kifuani, sawasawa na lilivyokuwa kwanza, halikuongeza hata kidole. Bwana Obonyo alilala hapo usiku huo ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa, kukamilisha desturi. Asubuhi alikwenda zake, na jaa halikumfuata. Lilikuwa limepata kwao, na mkataa kwao ni mtumwa.

Lakini Jumamosi hiyo, kabla ya hema kushushwa, kulikuwa na jambo la sita kwenye ratiba. Mfagiaji Bora wa Mwaka alikuwa Beldina, kwa kipande cha steji hadi Jubilee, ambacho kilikuwa safi kwa wiki nne mfululizo. Jina lake liliitwa mara tatu. Wechuli ndiye aliyempelekea cheti, karatasi nzuri ngumu yenye ukingo wa dhahabu, jina lake katikati, na chini ile sahihi kubwa yenye mkia.

Jumatatu, saa kumi na moja kasorobo, Beldina alikiangusha cheti katikati ya steji. Hakikuponyoka. Alikishika kwa vidole viwili, akakiachilia, akakitazama kikianguka, kisha akaendelea kufagia majani.

"Kitarudi kwako," alisema Zamzam alipofika. "Umekitupa wewe. Kesho utakikuta mlangoni."

"Tutaona."

Kesho yake alipofungua mlango hapakuwa na kitu isipokuwa jaa na makorongo yake. Alipofika kazini Zamzam alikuwa tayari amewasha jiko, na alikuwa na habari. Dereva wa teksi alikuwa amekiona cheti alfajiri kando ya ziwa, kikienda kwa ncha moja baada ya nyingine, kikapanda Milimani, kikapita chini ya geti la kijani.

"Kwa hivyo hakikuwa chako," alisema Zamzam.

"Nilijua hakikuwa changu," alisema Beldina, akachukua andazi. Siku hiyo alifagia mpaka soko la Jubilee akiimba, na wauza miwa walimsikia.

Bwana Obonyo alikikuta cheti juu ya ngazi, mahali anapowekea kikombe. Hakutaka maneno tena na mke aliyerudi juzi tu. Akaandika agizo kwamba taka ya ofisi ipelekwe Kogwadho kwa utaratibu, kwa lori, na Alhamisi Wechuli akakipeleka. Lakini siku ya jogoo cheti kilikuwa bado si taka. Hakikuonyeshwa nguzo wala moto, na hakikuitwa na mtu mwanangu. Ijumaa alfajiri kilishuka kutoka juu ya jaa, kikajikung'uta majivu, kikashika njia ya Nyalenda, mkono wa kushoto.

Basi imekuwa hivyo hadi leo. Sukuma wiki haikuota tena, na Ongeti bado amefunikwa hadi kifuani. Beldina hufagia ile sehemu yenye jina kila jioni, na majirani wakipita humkuta hapo wakamwamkia yeye, wakaliamkia na jaa, kwa kuwa sasa ni mwenye boma kama wao. Kila Alhamisi, saa tisa, lori la tani saba la kanjo huingia Kogwadho likirudi nyuma. Beldina hutoka na kikombe chake cha chai, akasimama kichwani mwa kaburi, akamwongoza dereva kwa mkono.

"Polepole, Wechuli. Angalia jiwe."

"Nimeona, mama."

Wechuli hupunguza mlio wa injini. Tumbo la lori huinuka, taratibu, mpaka juu kabisa, na karatasi moja yenye ukingo wa dhahabu huteleza ikaanguka.